Wanafunzi wa shahada ya uuguzi waletwe ziwani kwa muhula mzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, hupiga hodi nyumbani kwangu. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu, mkazi wa Sengerema. Kwa kuwa niliipitia kazi hii katika ngazi tatu, nikianza na cheti, nikaongeza stashahada, na mwisho nikasoma shahada nikiwa mtu mzima mwenye watoto sekondari, majirani wamenifanya ofisi ya ushauri isiyotoza ada. Safari hii alikuja mzazi ambaye mwanawe amefaulu fizikia, kemia na baiolojia, ila alama zake hazikutosha kupata nafasi ya udaktari. Swali lake halikuzunguka: "Mama, kuna haki gani kumweka mtoto chuo kikuu miaka minne asomee kuchoma sindano, wakati binti wa dada yangu alisoma mitatu chuo cha kati na anachoma sindano zile zile?"

Nilimjibu kwa kisa cha goti.

Kwa miaka mingi katika wodi ya wazazi nilikuwa nikiwahudumia kina mama wenye kifafa cha mimba kwa dawa ya magnesiamu salfeti: gramu 4 zinaingizwa polepole kwenye mshipa, gramu 10 zinachomwa kwenye misuli, nusu kila tako, kisha dozi za kuendeleza kila baada ya saa nne. Kabla ya kila dozi nilihesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, nikaangalia mkojo kwenye mfuko, nikagonga goti kwa nyundo ndogo kuona kama mguu unaruka. Nilifanya hivyo kwa sababu matroni aliyenilea kikazi alisema nifanye, na yeye alikuwa mtu asiyeulizwa mara mbili. Ni katika somo la famakolojia, yaani somo la dawa na namna zinavyofanya kazi mwilini, nikiwa tayari nasomea shahada, ndipo nilipoelezwa kwamba madini hayo yakizidi katika damu huzima kwanza mruko wa goti na baadaye ndipo huzima pumzi. Kumbe goti lile lilikuwa likinipa nafasi ya kusitisha dozi na kuandaa kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima sumu yake, kabla mama hajaacha kupumua. Siku hiyo nilikaa kimya kwenye benchi la darasa nikijaribu kukumbuka ni mara ngapi, zamu ya usiku ilipozidiwa, nililiruka goti nikidhani ni desturi tu ya matroni.

Binti wa dada yake yule mzazi na mtoto atakayemaliza shahada watachoma sindano ileile, hilo ni kweli. Sidai hata kidogo kwamba mwenye stashahada hajui kazi, kwani walionifundisha mengi kuliko wote hawakuwa na shahada. Ninachodai ni kwamba miaka ile ya ziada, yenye fiziolojia ndefu, baiokemia, mikrobiolojia, afya ya akili, afya ya jamii, takwimu na utafiti, humpa muuguzi sababu ya kila anachofanya. Mtu anayejua sababu haiachi hatua kwa urahisi siku wodi ikijaa, na siku hali ya mgonjwa isipofuata kitabu anajua aanzie wapi kufikiri.

"Na takwimu za nini kwa nesi?" mzazi aliniuliza, maana alikuwa ameshaiona orodha ya masomo. Nilimtajia shuka la plastiki. Zamani damu inayomtoka mama baada ya kujifungua tuliikadiria kwa macho, tukiangalia khanga na pamba zilizolowa, na jicho, hata la mkunga mzoefu, mara nyingi hukadiria pungufu. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ambamo wakunga walitumia shuka lenye mfuko na mistari ya vipimo, na damu ilipovuka kiwango walitoa tiba zote kwa pamoja badala ya kujaribu moja moja: kukanda mji wa mimba, oksitosini ya kuukaza mji huo, asidi ya traneksami ya kusaidia damu kuganda, maji ya mshipani na kutafuta chanzo. Kutokwa damu kwa kiwango cha hatari, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Wengi wa waliofanya kazi hiyo kando ya kitanda ni wakunga na wauguzi. Muuguzi asiyefundishwa kusoma takwimu atasubiri waraka umfikie na ataufuata kwa woga, kama nilivyofuata goti. Aliyefundishwa ataweza kuusoma utafiti wenyewe, akauliza kama hospitali zile zinafanana na yake.

Upo pia utafiti wa Profesa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Lancet baada ya kuchunguza hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya. Wapenzi wa shahada huunukuu nusu. Waliona kwamba penye ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 7. Nusu ya pili, ambayo waajiri hawaipendi sana, inasema kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi huandamana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano huohuo. Ulaya si Usukumani, na namba kuandamana si lazima moja imzae mwenzake, lakini mimi huzisoma nusu zote mbili kwa pamoja hivi: elimu ya muuguzi hufanya kazi pale anapopata muda wa kumkalia mgonjwa mmoja hadi amwelewe. Hapo ndipo lilipo jambo lililonifanya niandike.

Nikiwa mwanafunzi wa shahada, katika hospitali moja kubwa ambayo sioni sababu ya kuitaja, asubuhi moja tulijikuta watu kumi na mmoja tukizunguka kitanda cha mama aliyejifungua kwa upasuaji. Walikuwapo wa cheti, wa stashahada, sisi wa shahada, wanafunzi wa utabibu na wa udaktari, kila mmoja na koti lake na logbuku yake, daftari la kusainiwa kila kazi uliyoifanya, kwapani. Mama akavuta khanga akajifunika uso. Kidonda kilifungwa na mtu mmoja, na logbuku sita zikasainiwa. Sikumlaumu mwalimu aliyesaini, kwa sababu wagonjwa hawakuwa wa kutosha kwa wanafunzi na muhula ulikuwa unaisha, lakini mimi, mtu niliyekuwa nimefunga vidonda kwa miaka, nilimwangalia kijana aliyekuwa amesimama nyuma yangu kwenye vidole vya miguu ili aone, nikajua kwamba saini ile ingempeleka kwenye mtihani na kisha kwenye wodi ambako angekuwa peke yake.

Vyuo vya uuguzi vimeongezeka nchini, na hilo ni jema. Jiji la Mwanza lenyewe lina bahati: Bugando imekaa pale mlimani tangu mwaka 1971 ikipokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, na tangu 2003 kuna chuo cha sayansi za afya ubavuni mwake ambacho leo ni chuo kikuu kamili. Pia ipo Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa. Hakuna namna ya kumfundisha mwanafunzi wagonjwa mahututi, saratani au upasuaji mkubwa bila hospitali za namna hiyo. Hata hivyo, mgonjwa anayefika hospitali ya rufaa amekwisha kupita mikono mingi, na mwanafunzi humkuta ugonjwa ukiwa katikati au mwishoni. Mwanzo wake hauoni, na mgonjwa akiruhusiwa anapanda basi au boti na kutoweka. Mwanzo na mwisho viko huku kwetu, katika hospitali za wilaya na vituo vya afya vya Sengerema, Nansio, Magu, Ngudu na Misungwi, na katika visiwa.

Ombi langu basi ni hili: mwanafunzi wa shahada ya uuguzi anayesoma kando ya ziwa hili, akiwa mwaka wa tatu au wa nne, aishi muhula mzima katika hospitali ya wilaya au kituo cha afya cha mwambao. Najua vyuo huwapeleka wanafunzi vijijini, na navishukuru. Nasema tu kwamba wiki chache ni ugeni, na mgeni hupewa kiti akae. Wiki ya kwanza mwanafunzi anatafuta choo kiko wapi, ya pili anatafuta wapi pa kula, na anapoanza kujua majina ya wagonjwa gari la chuo limekuja kumchukua.

Nilipata kuona tofauti yake kwa bahati tu. Miaka kadhaa kabla sijastaafu tuliletewa binti mmoja kutoka mikoa ya kusini, mwaka wa nne, aliyepaswa kukaa wiki mbili. Ratiba ikachanganyikana huko ilikotoka, akakaa karibu miezi mitatu. Katika wiki yake ya pili alipokelewa mvuvi mmoja, bado kijana, akitapika damu nyingi. Alikuwa na kichocho cha tumbo kilichoharibu ini kwa miaka hadi mishipa ya koo la chakula ikavimba na kupasuka. Katika mafunzo ya kawaida binti yule angeandika mpango wa uuguzi, angeongezea damu, angepima mapigo na presha, na mgonjwa angepewa rufaa, na ukurasa ungefungwa. Yeye alikuwapo mgonjwa aliporudi kutoka rufaa. Alikuwa amekwisha kujifunza kusema kwa Kisukuma "Mwangaluka, mayu" kwa akina mama wanaomwagilia mbogamboga karibu na lango, na salamu hiyo ilimfungulia milango mingi kuliko koti lake.

Alimuuliza mvuvi kama aliwahi kunywa dawa ya kichocho. Akajibu kwamba aliinywa mara moja, alipokuwa shule. Dawa hiyo, praziquantel, kwa kawaida hugawiwa mashuleni, naye alikuwa ameacha shule darasa la nne ili akavue. Hapo binti akatambua, bila kuambiwa na mwalimu yeyote, kwamba kijana anayeacha shule kwa ajili ya ziwa ndiye anayekaa majini kuliko wote na ndiye ambaye kampeni ya shuleni haimfikii. Aliomba ruhusa, akafuatana na mhudumu wa afya ya jamii hadi mwaloni, wanakotia nanga wavuvi, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akiwauliza wavuvi wenzake na kijana yule. Utafiti wake wa kumaliza shahada ulitokana na mazungumzo hayo. Alipoondoka, akina mama wa pale walimfungia dagaa kwenye gazeti. Sitasema lilikuwa gazeti gani, Mhariri.

Nimetumia neno utafiti, lakini lililokuwa likifanyika pale ni uuguzi wenyewe, kama unavyofundishwa darasani kwa maneno makubwa: kuchunguza hali ya mgonjwa, kutambua tatizo, kupanga, kutenda na kutathmini. Hatua hizo tano zinahitaji siku nyingi na mgonjwa yuleyule. Hazitimii kwa watu kumi na mmoja kuzunguka kitanda kimoja kwa dakika ishirini.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba huku hakuna wa kuwasimamia, kwa kuwa hospitali ndogo hazina wauguzi wengi wenye shahada. Hilo ni kweli kwa kiasi, na sababu mojawapo ni kwamba wengi wetu tukishapata shahada huondolewa wodini tukapewa ofisi na jukumu la kupanga zamu, jambo ambalo linastahili barua yake siku nyingine. Lakini mkunga wa stashahada aliyezalisha kwa miaka ishirini anaweza kumfundisha mwanafunzi wa shahada mambo ambayo mhadhiri hana muda nayo: kuijaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, wakati ule ule uchungu ukiendelea badala ya kuijaza baadaye kwa kumbukumbu, kumweleza baba mkwe kwa nini mama apelekwe rufaa sasa na si kesho, kumpokea mtoto taa ikizimika. Apewe mafunzo mafupi ya ukufunzi, apewe posho, na jina lake liandikwe kwenye logbuku kama mwalimu. Mhadhiri naye aje kila wiki au mbili kuangalia upande wa nadharia.

Kuja kwake si tatizo tena kwa upande wetu. Nilikuwa miongoni mwa waliosubiri kivuko pale Kigongo na Busisi nikiwa na mgonjwa ndani ya gari, nikishika dripu kwa mkono na kuangalia maji. Tangu Juni 2025 lipo daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya ghuba, na mwalimu anaweza kutoka Mwanza asubuhi, akashinda na wanafunzi Sengerema, akalala kwake.

Ukerewe ni suala jingine, na silipiti kwa wepesi. Wapo wazazi ambao wakisikia mtoto anapelekwa visiwani hukumbuka Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na sina haki ya kuwaambia wasahau. Ninachoweza kusema ni kwamba anayekaa muhula mzima huvuka maji mara mbili, kwenda na kurudi, wakati anayeletwa kwa vipande vifupi vifupi huvuka kila mara. Kwa anayeogopa safari ndefu ya majini ipo pia njia ya kupitia Bunda hadi Kisorya, ambako kivuko ni kifupi. Asiyetaka kabisa asilazimishwe, kwani mwambao ni mrefu.

Wengine husema mambo haya mwanafunzi atayakuta katika mwaka wa utarajali, ule wa kufanya kazi chini ya uangalizi baada ya masomo. Mtarajali nimefanya naye kazi. Anafika akiwa tayari amehesabiwa kama mtumishi kwenye ratiba, na usiku wake wa tatu anaweza kuwa na wodi nzima. Mwaka ule ni wa kuimarisha mkono, na ni vibaya ukawa ndio wa kuutumia kwa mara ya kwanza.

Kuhusu gharama sina mengi. Bodi ya Mikopo hutoa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi inaowakopesha, na maisha ya Sengerema ni nafuu kuliko ya Mwanza mjini. Kinachokosekana ni mahali pa kulala palipo salama na karibu na wodi, kwa sababu mwanafunzi wa zamu ya usiku hawezi kutembea saa nane kwenye giza. Hapo halmashauri zetu zinaweza kusaidia bila kusubiri mtu, kwa kutenga chumba kimoja au viwili katika kila nyumba mpya ya watumishi wa afya inayojengwa.

Yule mzazi, kwa taarifa ya wasomaji, aliondoka bila kuniambia ameamua nini, ila juzi alinipigia simu kuuliza kama fomu za vyuo vikuu hujazwa kwa simu ya kawaida au lazima kompyuta. Nikamwambia aje na kijana wake Jumamosi.

Nami nina vyumba viwili nyuma ya nyumba yangu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka wodi ya wazazi, vyenye maji na umeme na mlango wa chuma. Chuo chochote cha shahada ya uuguzi kitakachotaka kujaribu ninachokisema kwa wanafunzi wawili wa kike kwa muhula mmoja, vyumba hivyo kitavipata bure, na usiku wa zamu nitawasindikiza mwenyewe hadi getini.

Wako,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Sengerema, Mwanza.